Kwa nini Budongo tunapima mti ule ule tena na tena

Mgeni akifika msitu wa Budongo, swali lake la kwanza ni sokwe wako wapi. La pili, akishatukuta na futikamba, rangi na ngazi, ni hili: hii miti si mlishaipima?

Tulishaipima. Mingine ilipimwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Miti mingi ya msitu wa mvua haina pete za mwaka za kutegemea, kwa hiyo huwezi kukata shina ukahesabu umri. Ukitaka kujua mti unakua kwa kasi gani, pima leo, rudi baada ya miaka, pima tena palepale. Njia ya mkato sijaiona.

Budongo iko magharibi mwa Uganda, upande wa Masindi, juu ya ukingo wa bonde la Ziwa Albert. Eneo lenye msitu hasa ni kama kilomita za mraba 435. Miaka ya 1930 na 1940 afisa misitu wa serikali ya kikoloni, W. J. Eggeling, alitenga ploti humo, akahesabu miti yake, na mwaka 1947 akachapisha maelezo ambayo hadi leo mwanafunzi wa ikolojia hayakwepi. Alisema msitu ukiingia kwenye nyasi huanza na musizi, mti unaokua haraka. Baadaye huja msitu mchanganyiko wenye mahogani na aina nyingine tele. Mwisho huja muhimbi, mti wa chuma, na kutawala. Idadi ya aina za miti hupanda, hufika kilele katikati, kisha hushuka.

Mwaka 1978 mwanaikolojia Mmarekani Joseph Connell aliichukua takwimu hiyo ya Budongo na kuiweka pamoja na ya miamba ya matumbawe kutetea hoja iliyopata umaarufu mkubwa: kwamba aina huwa nyingi zaidi pale ambapo misukosuko, kama dhoruba, ni ya kiasi, si mingi mno wala michache mno. Hivyo mchoro wa msitu wetu ukaingia madarasa ya dunia nzima, ingawa wengi wanaoufundisha hawajui Masindi iko wapi.

Sasa angalia kasoro yake. Eggeling hakukaa mahali pamoja akaona musizi ukigeuka muhimbi. Alichukua sehemu mbalimbali za msitu akazipanga kwa mfuatano, hii changa, hii ya kati, hii kongwe. Ni kama kuchukua mtoto wa familia moja, kijana wa familia ya pili na mzee wa familia ya tatu, ukadai umesimulia maisha ya mtu mmoja. Huenda ukapatia. Lakini udongo wa sehemu moja si wa nyingine, na kila sehemu ina historia yake. Bahati ni kwamba ploti zake kadhaa zilibaki na ramani, na miaka ya 1990 mtafiti Douglas Sheil na wenzake walirudi kuzipima. Walichokipata kinaafiki baadhi ya maelezo ya Eggeling, lakini msitu haufuati mstari ulionyooka kama mchoro unavyodai. Mimi nawaambia wanafunzi wausome mchoro ule kama dhana nzuri ambayo bado iko kwenye mtihani.

Kipimo chenyewe watu hukidharau hadi wakijaribu. Tunapima shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Rahisi, mpaka ukutane na mti ambao mizizi yake mipana imepanda ubavuni hadi juu ya kichwa chako. Hapo unaweka ngazi, unapita juu ya mizizi, unapiga mstari wa rangi na kuandika ulikuwa mita ngapi kutoka chini. Usipoandika, atakayekuja baadaye atapima chini kidogo na kupata mti "ulionenepa" ajabu, au juu kidogo na kupata mti "uliokonda". Msumari wa kibati cha namba usiupige kwenye mstari, kwa sababu jeraha huvimba. Pitisha mkono chini ya futikamba kuondoa mitambazi na kuvu. Gamba likibanduka, umepoteza milimita, na muhimbi unaweza usiongeze zaidi ya hapo kwa muda mrefu. Wanaolijua hili kuliko wenye shahada ni wasaidizi wa uwandani kutoka vijiji vya jirani. Alur, Lugbara, Mnyoro, kila mmoja na jina lake la mti, na maelewano kambini ni kwa Kiswahili.

Muhimbi unastahili maneno zaidi. Maganda yake yakikauka juani hupasuka na kurusha mbegu, lakini hazifiki mbali na mama. Miche yake huvumilia kivuli. Kwa hiyo muhimbi hausafiri, unasogea. Musizi ni kinyume: tunda lake lina nyama, na hondohondo hulibeba. Wasomaji wa Tanzania wanalijua hili vizuri, maana musizi uliopandwa Amani, Usambara, ulisambazwa na ndege haohao hadi ukawa kero.

Wakoloni muhimbi haukuwapendeza. Ubao wake ni mgumu, ulitafuna misumeno, na walichokitaka wao ni mahogani. Baada ya kuvuna, miaka ya 1950 na 1960, idara ya misitu iliipaka miti "isiyo na faida" sumu iliyochanganywa na dizeli ili mwanga ufike chini na mahogani iote. Mahogani haikurudi kama walivyotarajia. Kilichoongezeka ni msitu mchanganyiko wenye matunda mengi, na hesabu za miaka ya 1990 zilikuta kima na mbega wengi zaidi kwenye vitalu, yaani sehemu za msitu zilizogawanywa, vilivyovunwa kuliko kitalu N15, kilichoachwa bila kuguswa. Usiharakishe kuhitimisha kwamba kukata miti ni kuzuri. Tembo pia walikuwa wakiupita msitu huu, leo hawapo, na hatujui ni kiasi gani cha mabadiliko tunayosema yaliletwa na wakataji kililetwa na tembo.

Kuna badiliko jingine dogo ambalo bila kumbukumbu za muda mrefu lingetupita. Sokwe wa kundi la Sonso, humu Budongo, walikuwa wakila kiini cha michikichi ya rafia iliyooza, kwa sababu kina sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ambayo ni haba kwenye matunda. Wakulima wa tumbaku wakahitaji nyuzi za rafia za kufungia majani wakati wa kukausha, na michikichi ikaisha. Sokwe, pamoja na mbega na paa, wakaonekana wakila kinyesi cha popo kwenye pango la mti, kilicho na sodiamu hiyohiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta kwenye kinyesi hicho aina 27 za virusi, mojawapo ya ukoo wa virusi vya korona. Bei ya tumbaku na afya ya sokwe, nani angeziweka kwenye daftari moja?

Swali linalotukalisha macho sasa ni la matunda. Kumbukumbu za Budongo za zaidi ya miaka 20 zinaonyesha kwamba uzaaji wa miti umepungua. Wapo wanaosema ni hali ya hewa. Wapo wanaosema msitu uliovunwa unafunga tena, kivuli kinarudi, miti ya mwanga inazeeka na kuzaa kidogo. Kwa macho tu huwezi kuchagua. Njia ninayoiamini ni kuchukua mti wa aina moja na unene mmoja, ndani ya N15 na ndani ya kitalu kilichovunwa, na kufuatilia maua na matunda ya pande zote mbili. Yakipungua kote, kosa si la msumeno. Yakipungua upande mmoja tu, mjadala wa hali ya hewa utalazimika kusubiri. Lakini ili kusema "unene mmoja", lazima kwanza kila mti uwe na kipimo cha kuaminika, kwa hiyo ngazi bado inatoka kila msimu wa ukame.