Picha si pambo: dhana potofu kuhusu hadithi za wanyama wapelelezi

Karibu kila mwandishi anayeniletea muswada wa hadithi ya upelelezi ya watoto, ambamo wapelelezi na washukiwa ni wanyama, huniambia kwamba maandishi yamekamilika na kilichobaki ni kumpata mchoraji wa kuyapamba. Nimeyasikia maneno hayo mno hapa Mwanza, kwa walimu, kwa wazazi na hata kwa watu ambao tayari wana vitabu madukani.

Katika hadithi ya aina hii, picha ndiyo ushahidi. Mtoto wa darasa la kwanza husoma polepole, lakini jicho lake ni kali, na raha yake kubwa ni kumgundua mwizi kabla ya mpelelezi. Mwandishi anayeandika kwamba mpelelezi wake, Pimbi, aliona nyayo za mwizi, yaani mnandi, yule ndege mla samaki, kwenye tope amekwisha kumnyang'anya mtoto huyo kazi yake yote.

Tuchukue kisa cha dagaa walioibwa walikoanikwa, kandokando ya ziwa. Bata anashukiwa, kwa kuwa nyayo zilizokutwa zina utando. Maandishi yaseme tu kwamba Pimbi aliinama akazitazama kwa muda mrefu, kisha picha ioneshe utando uliounganisha vidole vyote vinne, pamoja na kile cha nyuma. Utando wa bata huunganisha vidole vitatu vya mbele tu, ilhali wa mnandi, kama wa mwari, huunganisha vyote vinne. Mtoto anayerudi kurasa za mwanzo kuitazama tena miguu ya Bata amepeleleza kwelikweli. Vivyo hivyo Bundi akitoa ushahidi kwamba usiku ule aliziona taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka ziwani, na picha ya usiku huohuo ikaonesha mwezi mpevu, mtoto wa Igombe au Kirumba atajua kwamba shahidi anadanganya, kwa sababu mbalamwezi hufifisha nguvu ya taa ya kuwavuta dagaa na wavuvi hupumzika siku hizo. Hakuna sentensi inayohitajika kulieleza hilo, na ningeifuta kama ingekuwapo.

Kwa hiyo nawasihi waandishi wachukue kalamu nyekundu, wakate kila kidokezo ambacho jicho linaweza kukiona, na wakiandike pembeni kama maelekezo kwa mchoraji. Mchoraji naye aambiwe mapema mwizi ni nani, kisha aende kuwatazama mnandi wanapokausha mabawa juu ya mawe ya ziwa, na pimbi wa Kisiwa cha Saanane, kwani akimchorea mnandi mguu wa bata, kesi nzima imekufa.

Wengine hushikilia kwamba sungura lazima awe mpelelezi na fisi lazima awe mwizi. Ngano zetu zimewazoesha watoto hivyo, na ndiyo maana mwizi hujulikana tangu kwenye jalada. Fisi ana pua kali ajabu, na kule Ngorongoro huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake. Angefaa sana kuwa mpelelezi.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba hadithi ya wizi hufundisha wizi. Wasome hadi mwisho: anachokiona mtoto ni Bata aliyesingiziwa akisafishwa kwa ushahidi. Wapo pia wanaodhani kwamba mtoto akishamjua mwizi hatakifungua kitabu tena, ilhali watoto hukirudia hasa ili wavione vidokezo vilivyowapita.

Dhana ya mwisho ni kwamba idadi ya kurasa ni shauri la mwandishi peke yake. Karatasi kubwa za kiwandani hukunjwa, kwa hiyo kitabu huwa na kurasa 16, 24 au 32, ukurasa wa jina na ule wa haki za uchapishaji zikiwemo. Jambo hilo lina uzito zaidi katika upelelezi, kwa sababu mwizi afichuliwe kwenye ukurasa wa kushoto, baada ya mtoto kugeuza karatasi. Akiwekwa ukurasa wa kulia, jicho humwona kabla swali halijasomwa.