Asilimia ya wazee inawadanganya

Nimelisikia tena, safari hii kwenye semina ya bajeti: "Uzee ni shida ya Japani, sisi ni taifa la vijana." Makofi yakapigwa. Basi naandika.

Japani kweli ina wazee: karibu watatu kati ya kila watu kumi wana miaka 65 na zaidi. Sababu kubwa si kuishi sana, ni uzazi kuporomoka. Hilo limeshaandikwa mno, tulivuke.

Ninachogombana nacho ni asilimia. Sensa ya 2012 Tanzania ilikuta wenye miaka 60 na zaidi ni asilimia 5.6. Ya 2022: asilimia 5.7. Hapo mtu anasema, si mnaona, hakuna kilichobadilika! Lakini kwa idadi, walikuwa milioni 2.5, na 2022 walifika milioni 3.5. Watoto wanazaliwa kwa wingi kiasi kwamba nyongeza ya wazee milioni nzima haionekani kwenye asilimia. Kwenye benchi la zahanati inaonekana sana: presha, kisukari, mtoto wa jicho. Daktari hatibu asilimia jamani.

Halafu uwiano wa utegemezi, yaani watoto na wazee wangapi wanahesabiwa kumtegemea kila mtu mwenye umri wa kufanya kazi. Ukishafika 65, sisi watu wa takwimu tunakuandika tegemezi, basi. Nendeni Kagera mkamwone bibi anayepalilia migomba na kulipia wajukuu daftari, huku mwanawe wa miaka 30 akimpigia simu kuomba nauli. Kwenye jedwali langu bibi ndiye mzigo, kijana ndiye nguvu kazi. Naitumia kanuni hiyo kwa kuwa dunia nzima inaitumia na nchi zinalinganishika. Inaniudhi, na bora zaidi sina.

Na huo umri wenyewe tunaupataje? Karani wa sensa anauliza, "Bibi, uhuru ulikukuta wapi?" "Nilikuwa na mtoto mgongoni, mjukuu wangu." Karani anakokotoa, anaandika 80. Ndiyo maana kwenye takwimu ghafi, kabla hazijasahihishwa, umri wa 60, 70 na 80 unachomoza kama minara, na 61, 71 na 81 hazina watu. Tunazilainisha kwa hesabu, lakini za juu ya 80 mimi siziamini sana.

Kukosea umri si jambo dogo. Zanzibar tangu 2016 inatoa Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, hata asiyewahi kuajiriwa. Bara, pensheni inamfuata aliyechangia mfuko. Wakulima na mama ntilie wengi hawamo. Siku Bara ikisema nayo itawalipa wazee wote, mwenye 68 na mwenye 70 watatenganishwa na nini, wakati wote wawili walizaliwa "mwaka wa nzige"?