Mwandishi anapouliza kama sumu imevuja

Masika yakikolea huku Mtwara, waandishi wa redio hunipigia simu na swali lilelile: maji yameingia ghala la viuatilifu (dawa za kuua wadudu na magugu) vilivyokwisha muda, je, sumu imevuja au haijavuja? Wanataka jibu la ndiyo au hapana kabla ya taarifa ya habari. Siwapi. Kama hakuna aliyechukua sampuli, kusema "hakuna madhara" ni kuwadanganya watu wanaochota maji bondeni.

Agosti 2017 kimbunga Harvey kiliizamisha Houston, Marekani. Waandishi wa shirika la habari la AP walifika wenyewe kwenye maeneo ya taka za sumu, wakati wakala wa mazingira wa serikali, EPA, ulikuwa bado unatazama picha za angani. EPA ikaishambulia habari yao hadharani. Mwezi uliofuata EPA hiyohiyo ikatangaza kwamba kwenye mashimo ya taka ya Mto San Jacinto, karibu na Houston, sehemu ya mfuniko imebomoka, na sampuli moja ina dioksini, aina ya sumu kali, zaidi ya nanogramu 70,000 kwa kilo. Kiwango kinacholazimu usafishaji pale ni 30.

Sampuli ile ilikuwa ya tope, na hapa ndipo ningependa waandishi wetu waniulize zaidi. Dioksini na DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu, haziyeyuki vizuri majini. Hung'ang'ania udongo na mafuta. Ukichota maji ya mafuriko katikati ya mkondo na kuyapeleka maabara, unaweza kupata karibu sifuri, na kesho gazeti likaandika "maji ni salama". Sumu yenyewe imelala kwenye tope lililobaki uani baada ya maji kupungua, kuku wanachakura humo. Kule Vikuge, Kibaha, banda lililohifadhi viuatilifu chakavu liliporomoka, mvua ikavinyeshea, na watafiti wakaikuta DDT kwenye udongo miaka mingi baadaye.

Kwetu huku kuna jambo jingine. Ghala la pembejeo za korosho likizama, kila mtu hutaja salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, kwa sababu ndiyo inayoonekana, unga wa njano umetapakaa. Salfa huwasha macho na kifua, lakini haiyeyuki majini. Mimi naogopa zaidi chupa za dawa za maji za kuua wadudu, kwa kuwa zenyewe huchanganyika na maji. Kwa hiyo mwandishi aulize: humo ndani kulikuwa na nini, kiasi gani, orodha anayo nani? Sampuli imechukuliwa lini, ya maji au ya tope, umbali gani kutoka ghalani? Ofisa asiyeweza kujibu hayo, anukuliwe hivyohivyo kwamba hakujibu.

Majibu ya maabara huchukua muda, ila yapo ya kutangaza leo leo. Watoto wasicheze kwenye tope lililo jirani na ghala. Madumu na chupa zilizoelea zisiokotwe kuwekea maji wala mafuta ya kula. Na kisima kilichofunikwa na maji hayo kisitumike hata kwa kuchemsha, kwa sababu moto unaua vijidudu lakini kiuatilifu kinabaki sufuriani.