Kasilingi kwenye sataranji inaruhusiwa lini?

Unacheza sataranji kwenye simu. Farasi ametoka, askofu ametoka, na kati ya mfalme wako na ngome hakuna kete hata moja. Unamburuta mfalme miraba miwili kuelekea kwenye ngome, simu inamrudisha alipokuwa. Unajaribu tena, anarudi tena. Programu haikwambii umekosea wapi, inakukatalia tu. Wanaoanza wengi hudhani simu ina hitilafu, au kwamba kasilingi ni mambo ya mabingwa peke yao. Kumbe sheria yake ni fupi, na ukishajua inamlinda nani huhitaji kuikariri.

Tuanze na tendo lenyewe. Kasilingi ni mwendo wa pekee ambao kete zako mbili huhama katika zamu moja. Kila mraba huitwa kwa herufi ya mstari wake wa wima (a hadi h) na namba ya safu yake (1 hadi 8). Upande wa mfalme, mfalme hutoka e1 kwenda g1, na ngome ya h1 humruka ikatua f1. Upande wa malkia, mfalme hutoka e1 kwenda c1, na ngome ya a1 hutua d1. Mwenye kete nyeusi hufanya vivyo hivyo kwenye safu ya 8. Katika kuandika mchezo, upande mfupi ni 0-0 na upande mrefu ni 0-0-0. Mfalme huhama miraba miwili tu, kushoto au kulia. Nimewaona wengi wakimpeleka mpaka b1 kwa sababu upande wa malkia una nafasi kubwa zaidi; hilo ni kosa hata kabla ya kufikia masharti.

Mwendo huu haukuwapo tangu mwanzo. Neno sataranji tumelipata kwa Waarabu, wao wakalipata Uajemi, na Waajemi wakalitoa India, na mchezo wenyewe ulipita njia hiyohiyo. Katika mchezo ule wa kale, kete iliyosimama mahali pa malkia wa leo ilisogea mraba mmoja tu kwa mshazari, kwa hiyo mfalme aliweza kukaa katikati bila wasiwasi mkubwa. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania na Italia, malkia na askofu walipewa nguvu tunazozijua leo. Katikati ya ubao pakawaka moto. Ulaya ilikuwa na desturi ya kumpa mfalme mruko mmoja, na mruko huo ukaja kuunganishwa na mwendo wa ngome, ikawa kasilingi. Kila mahali palikuwa na namna yake. Italia waliendelea mpaka karne ya 19 kumwachia mchezaji uhuru wa kuchagua mfalme na ngome watue wapi. Leo dunia nzima inafuata sheria moja, ya shirikisho la kimataifa, FIDE.

Sheria hiyo ina maswali ya namna mbili, na wanaochanganyikiwa huwa wameyachanganya. La kwanza: je, bado una haki ya kufanya kasilingi? La pili: je, unaweza kuitumia haki hiyo sasa hivi? Haki ikipotea hairudi mpaka mchezo uishe. Kizuizi cha sasa hivi kinaweza kuondoka zamu ijayo.

Haki hupotea kwa njia moja tu, nayo ni kusogea. Mfalme akishasogea, hata mraba mmoja, hata kama amerudi palepale zamu iliyofuata, basi kasilingi imekwisha kwa pande zote mbili. Ikisogea ngome, unapoteza upande wa ngome hiyo peke yake. Ile nyingine bado ina haki yake. Hapa ndipo wanaotoka kwenye drafti hujikwaa. Kwenye drafti ubao unakwambia kila kitu: ukikuta watu kibarazani wamefika katikati ya mchezo, unatazama vizibo na unajua nani anaweza kwenda wapi. Kwenye sataranji unaweza kumkuta mfalme yuko e1, ngome iko h1, njia tupu, na bado usiweze kusema kama kasilingi inaruhusiwa. Ni lazima ujue kilichotokea nyuma. Hata mabingwa husahau. Mwaka 1973 mjini Dublin, Wolfgang Heidenfeld alifanya kasilingi mara mbili katika mchezo mmoja, ingawa ya kwanza ilikuwa imeshaimaliza haki yake.

Mpinzani mjanja anaweza pia kukunyang'anya haki hiyo kwa kukulazimisha umsogeze mfalme. Mfano mzuri uko kwenye ufunguzi, yaani miendo ya mwanzo wa mchezo, unaobeba jina la bingwa Pal Benko. Nyeusi hutoa sadaka kitunda chake (kete ndogo ya safu ya mbele), askofu wake akafika a6, kisha akamla askofu mweupe aliyesimama f1. Nyeupe hulipiza kwa mfalme, na papo hapo kasilingi imekwenda. Hapo nyeupe husogeza kitunda cha g hadi g3 na kumpeleka mfalme g2 kwa miguu yake. Anafika salama, ila ametumia zamu mbili kwa kazi ambayo kasilingi ingeifanya kwa moja.

Sasa vizuizi vya muda. Cha kwanza hakina maneno mengi: kati ya mfalme na ngome pasiwe na kete yoyote, iwe yako au ya mpinzani. Upande wa malkia watu husahau b1. Farasi akiwa bado amekaa pale, njia haijawa tupu.

Kizuizi cha pili ndicho chenye utamu, nacho kinamhusu mfalme peke yake. Tazama mraba aliosimama, mraba anaopita na mraba anaofikia. Mmoja wowote kati ya hiyo mitatu ukiwa unashambuliwa na kete ya mpinzani, kasilingi haifanyiki zamu hiyo. Maana yake, akiwa amepigwa cheki, yaani anashambuliwa, huwezi kuitumia kasilingi kumtorosha. Huwezi kumpitisha kwenye mraba ambao angepigwa cheki kama angesimama hapo. Na huwezi kumtua kwenye cheki, jambo ambalo ni marufuku kwa mwendo wowote ule. Lakini kupigwa cheki zamani hakufuti chochote. Ukipigwa cheki ukaiziba kwa askofu, au ukaila kete iliyokucheki bila kumgusa mfalme, haki yako ni nzima. Naomba wanaofundisha watoto walikazie hili, maana kanuni ya mtaani isemayo "ukishachekiwa huna kasilingi" imeenea sana na si kweli.

Chukua mwanzo huu uone jinsi mraba mmoja unavyoweza kufunga njia: 1. e4 e5 2. f4 (nyeupe anasogeza kitunda hadi e4, nyeusi hadi e5, kisha nyeupe kingine hadi f4) na nyeusi anamtoa askofu hadi c5. Kitunda cha f kimeondoka f2, kwa hiyo askofu huyo anaona d4, e3, f2 hadi g1. Nyeupe anaweza kumtoa farasi na askofu wake vizuri kabisa, njia ikawa tupu, na simu bado ikakataa, kwa sababu mfalme angetua kwenye mdomo wa askofu. Hapa haki haijapotea. Nyeupe akiuziba mshazari ule, akimla askofu au akimfukuza, zamu inayofuata anaingia g1 bila shida. Kama kitunda cha f kingebaki f2, askofu yuleyule wa c5 asingezuia kitu.

Kuna jambo dogo la kuongezea hapa. Kete ya mpinzani inahesabiwa kuwa inashambulia mraba hata kama yenyewe imefungwa na haiwezi kuondoka bila kumwacha mfalme wake wazi. Usijiambie kwamba ngome ile haihesabiki kwa kuwa imebanwa. Inahesabika.

Na ngome yako je? Ngome hailindwi na kizuizi hiki. Inaweza kuwa inashambuliwa, inaweza kupita kwenye mraba unaoshambuliwa, na kasilingi ikawa halali. Upande wa malkia mfalme hapiti b1, ni ngome tu ipitayo, kwa hiyo b1 ikiwa tupu lakini inashambuliwa, endelea bila hofu. Ukiona jambo hili linakuchanganya, usijione mjinga. Mwaka 1960 mjini Adelaide, Cecil Purdy wa Australia alifanya kasilingi ya upande wa malkia dhidi ya Yuri Averbakh, bingwa mkubwa wa Umoja wa Kisovyeti, na Averbakh akapinga kwa sababu ngome ilipita kwenye mraba aliokuwa akiushambulia. Purdy ilibidi amweleze kwamba sharti ni la mfalme tu. Mwaka 1974 mjini Moscow, Viktor Korchnoi, akiwa kwenye fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, alimwuliza mwamuzi kama anaweza kufanya kasilingi ngome yake ikiwa inashambuliwa. Akajibiwa anaweza, akaifanya, na mchezo ule akamshinda Anatoly Karpov. Kama Korchnoi aliuliza mbele ya watu, nawe uliza.

Ukitoka kwenye simu ukaketi mbele ya ubao wa mbao kwenye mashindano, kuna sharti moja ambalo simu haikufundishi: mkono. Mguse mfalme kwanza, umsogeze miraba miwili, kisha uhamishe ngome kwa mkono uleule. Kasilingi ni mwendo wa mfalme. Ukianza kwa kuigusa ngome, mwamuzi ataihesabu kuwa ndiyo uliyochagua, na itabidi uicheze ngome peke yake kama ina pa kwenda. Kasilingi ya upande ule kwa zamu hiyo hupati. Ukitumia mikono miwili ukabonyeza saa, unaadhibiwa sawa na aliyecheza mwendo usio halali. Na ukishamgusa mfalme na ngome halafu ikagundulika kwamba kasilingi haikuruhusiwa, mfalme ndiye atakayelipa: lazima umchezeshe mwendo mwingine ulio halali, ambao unaweza kuwa kasilingi ya upande wa pili kama huko njia iko wazi. Asipokuwa na mwendo wowote halali, ndipo unapokuwa huru kucheza kete nyingine.