Neno "headroom" na nafasi inayobaki juu ya kichwa

Watafsiri wa miongozo ya ujenzi na ya magari hukutana mara kwa mara na neno la Kiingereza "headroom", na wapo wanaoliandika "chumba cha kichwa", kosa ambalo humwacha fundi bila fununu ya anachotakiwa kupima. Maana yake ya msingi ni nafasi iliyo wazi kati ya utosi wa mtu, au paa la chombo, na kitu kilicho juu yake. Abiria anayesimama ndani ya Hiace akiwa amekunja shingo anaifahamu vyema nafasi hiyo, ingawa yeye atasema tu kwamba gari lina dari fupi.

Kwa nyumba na magari madogo napendekeza tuseme "nafasi ya kichwa". Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza hutaka nafasi hiyo isipungue mita 2 juu ya ngazi, ikipimwa wima kutoka kwenye mstari unaounganisha ncha za vidato, kwa sababu mtu anayepanda ngazi hukaribia dari kwa kila hatua, na kipimo kilichochukuliwa sakafuni hakimsaidii.

Kwenye madaraja, ambako uzembe wa maneno unaweza kuua, "kimo cha kupita" kinaeleweka zaidi. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, na lile refu mita 2.90. Likipakiwa kwenye tela ambalo sakafu yake iko mita 1.5 kutoka barabarani, hilo refu hufikia mita 4.4, na dereva aliyezoea kontena la kawaida huenda asitambue tofauti hiyo ya sentimita 31 hadi afike chini ya boriti. Tena kimo cha gari na nafasi iliyo chini ya daraja hubadilika. Lori lililoshusha mzigo hunyanyuka kwa kuwa springi zake zimepumua, hivyo lililopita likiwa limejaa linaweza kugusa likirudi tupu. Tabaka jipya la lami hupunguza nafasi chini ya daraja, na mahali ambapo barabara inabonyea, tela refu hukanyaga kingo mbili za bonde huku katikati yake ikiwa juu zaidi. Ndiyo maana namba ya kwenye kibao cha daraja inapaswa kuwa ndogo kuliko nafasi halisi iliyopimwa, na ndiyo maana nasisitiza kwamba dereva apime mzigo wake kabla ya safari badala ya kukisia kwa macho.

Mfano unaojulikana sana ni daraja la reli la mjini Durham, Carolina Kaskazini, Marekani, lililokuwa na kimo cha mita 3.56 tu. Paa za malori ziliendelea kuchanwa hapo licha ya vibao na taa za onyo, mpaka mwaka 2019 daraja lilipoinuliwa kwa takriban sentimita 20, na hata baada ya hapo ajali hazikukoma.

Mafundi wa sauti walilichukua neno hilo wakalipa maana ya akiba. Katika kurekodi kwa dijitali, ukomo wa juu ni desibeli 0; watangazaji wa Ulaya huweka sauti ya kipimo, yaani mlio wa kupangia mitambo, kwenye desibeli 18 chini ya ukomo huo, ili kicheko au kofi la ghafla lipate pa kupandia. Pasipokuwa na akiba, vilele vya sauti hukatwa na msikilizaji husikia mkwaruzo ambao hauondoki kirahisi baadaye.

Katika fedha, kampuni iliyoruhusiwa kukopa hadi shilingi bilioni 10 na inayodaiwa bilioni 7 husemwa kuwa na "headroom" ya bilioni 3. Hapo "nafasi ya kukopa" inatosha, na ni sahihi kuliko "salio", kwa kuwa bilioni hizo 3 haziko mkononi mwa kampuni. Ni deni ambalo bado halijachukuliwa.