Haluwa ya manjano, mabuyu mekundu: hiyo rangi yatoka wapi?

Ramadhani ikikaribia kuisha simu za ofisi huanza, na swali ni lile lile, jamani hii haluwa iko sawa ama wametia rangi? Wametia. Nyingi za dukani zina rangi, na hilo peke yake si kosa. Shida ni rangi gani na kiasi gani, ndio maana sisi wa afya ya umma tukiingia jikoni kwa mtu hatuanzi na sufuria, twaanza na rafu ya vikopo vya rangi.

Haluwa yenyewe ni wanga, siku hizi wengi watumia konflawa, wakorogwa na maji wamiminwa kwenye sukari iliyochemka, halafu ni kukoroga tu na mwiko mrefu huku samli yatiwa kidogo kidogo mpaka iache sufuria, mwisho iliki, kungumanga, marashi, lozi kwa mwenye uwezo. Sasa angalia hapo, hakuna hata kimoja chenye manjano kali. Sukari ikiungua yaleta hudhurungi basi. Ile manjano kali ni zafarani au ni kikopo, na zafarani kilo moja yataka maua kama 150,000, kila ua nyuzi tatu zachumwa kwa mkono, kwa hivyo ukiuziwa haluwa bei ya kawaida ukaambiwa ni zafarani tupu piga hesabu mwenyewe. Mara nyingi ni tatrazini, rangi ya manjano ya kutengenezwa, namba yake E102, inaruhusiwa kwa kiwango. Ulaya tangu 2010 chakula chenye hiyo na rangi nyengine tano lazima kiandikwe onyo kwamba yaweza kuathiri utulivu wa watoto, mimi naona hata huku kwetu mzazi ana haki ya kujua.

Mabuyu ndio yanipa wasiwasi zaidi. Ubuyu ukipasua buyu lenyewe ni mweupe wa krimu, wekundu wote waja na shira: sukari, maji, rangi, iliki, pilipili kidogo, zatiwa mbegu zageuzwa mpaka shira ikauke. Na watu watwambia ulimi wa mtoto umekuwa mwekundu siku nzima, basi ni sumu. Hapana, hata rangi halali yashika ulimi. Swali ni je ilitoka kwenye kopo lenye jina na namba, mfano E122 au E129, ama ilipimwa kwa kijiko kutoka mfuko usio na maandishi? Kuna rangi ya vitambaa na karatasi yaitwa rodamini B, bei yake rahisi na yang'aa vizuri sana, haifai kuliwa kabisa. Februari 2024 jimbo la Tamil Nadu kule India lilipiga marufuku zile peremende za kama pamba kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu hizi video za TikTok, eti tia pilipili ya unga kwenye mafuta, yakiwa mekundu ina Sudani, rangi ya viwandani isiyofaa kuliwa. Bana! Rangi ya asili ya pilipili nayo yayeyuka kwenye mafuta, kwa hivyo hata ile safi kabisa ya soko la Marikiti itafeli mtihani huo. Sudani ni kweli ni hatari, 2005 Uingereza mamia ya bidhaa zilitolewa madukani kwa ajili ya pilipili yenye Sudani 1, lakini aliyeijua ni maabara, si bakuli la nyumbani.

Unachoweza wewe ni kuuliza. Muuzaji wa Kibokoni ama Kongowea hapa Mombasa, mwambie nionyeshe kopo la rangi, asiye na la kuficha atakuonyesha huku acheka. Kopo liwe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, jina la rangi na tarehe. Ukiwa na shaka chukua bidhaa ikiwa bado kwenye pakiti yake uipeleke kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lako, yeye ndie mwenye uwezo kisheria wa kuchukua sampuli dukani ikapimwe kwa Mkemia wa Serikali. Ile uliyokwisha kufungua yatusaidia kujua pa kwenda tu, haiwezi kusimama mahakamani, kwa hivyo kumbuka duka na siku uliyonunua.