Gazeti la Trafalgar la mwaka 1805: likiwa limegeuka kahawia, tia shaka

Kazi yangu ni kukagua magazeti ya kale, na mojawapo ninayoulizwa mara kwa mara ni The Times la London la tarehe 7 Novemba 1805, lenye habari za mapigano ya baharini ya Trafalgar. Mengi ya hayo ni chapa za baadaye. Toleo hilo limechapwa upya mara nyingi kama kumbukumbu, na mwenye nalo wala hajadanganya mtu: amelikuta ndani ya sanduku la marehemu babu yake, limekunjamana, limekuwa kahawia, pembe zinameguka. Anaona ni zee, anaamini ni lenyewe.

Mtego uko hapo hapo. Karatasi ya magazeti ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Yalilowekwa, yakapondwa hadi yakawa rojo, kisha fundi akachota rojo hilo kwa chekeche la nyaya, karatasi moja baada ya nyingine. Karatasi ya namna hiyo ina uhai mrefu. Miaka 200 baadaye inaweza kuwa bado nyeupe kiasi, laini mkononi, na ukiikunja haikatiki. Karatasi ya mbao ilienea magazetini katika nusu ya pili ya karne ya 19, nayo huliwa na asidi yake yenyewe. Basi gazeti la Trafalgar lililokauka kama jani la mgomba limejisema. (Wapo pia wanaochovya karatasi kwenye chai ya rangi ili ionekane ya kale. Chai huacha mabaka yaliyokolea kwenye mikunjo.)

Lielekeze dirishani, yaani liinue kuelekea mwanga. Karatasi ya chekeche huonyesha mistari myembamba iliyosongamana, ikikatwa na michache iliyoachana, na pengine alama ya kiwanda ndani ya karatasi. Kisha tafuta stempu ya ushuru. Tangu 1797 kila nakala ya gazeti Uingereza ilitozwa peni tatu na nusu, na karatasi ilipigwa muhuri mwekundu kabla haijafika kwa mchapaji. Kwenye chapa za baadaye muhuri huo mara nyingi haupo kabisa, au ni picha tu ya muhuri, kwa wino ule ule mweusi wa maandishi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kidole. The Times lilianza kutumia mtambo wa mvuke mwaka 1814; kabla ya hapo herufi za risasi zilipakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi kwa nguvu za mikono. Pitisha kidole taratibu upande wa nyuma wa ukurasa, utahisi vinundu vidogo mahali herufi zilipobonyea. Kwa lenzi utaona wino umejikusanya ukingoni mwa herufi. Chapa ya picha ni bapa tupu.

Tuje kwenye habari yenyewe. Mapigano yalikuwa tarehe 21 Oktoba, karibu na Cádiz, Hispania: manowari 27 za matanga za Waingereza dhidi ya 33 za Wafaransa na Wahispania. The Times ilichapisha siku 17 baadaye. Gazeti la Gibraltar, lililokuwa jirani, liliitoa tarehe 24 Oktoba. London ilimsubiri Luteni Lapenotiere, aliyepakia barua za Admirali Collingwood (naibu wa Nelson, kamanda wa Waingereza) kwenye merikebu ndogo Pickle, akashuka Falmouth tarehe 4 Novemba, kisha akapanda gari la farasi na kwenda mchana na usiku kwa takriban saa 37. Aligonga mlango wa makao makuu ya jeshi la majini yapata saa 7 usiku, tarehe 6. Siku hiyo hiyo gazeti rasmi la serikali likatoka, na kesho yake The Times.

Barua ya Admirali Collingwood imeandikwa ndani ya meli Euryalus, wala si ndani ya Royal Sovereign aliyopigania, kwa sababu ile ilikuwa imevunjika milingoti. Anaanza na kifo cha Nelson kabla ya ushindi. Wengi husoma hapo wakaishia. Mimi huwaambia waendelee hadi barua ya pili, ya tarehe 24, inayosimulia dhoruba. Ya kwanza inajivunia manowari 19 za adui. Ya pili inaonyesha bahari ikiwanyang'anya ushindi huo, kamba zikikatika na meli zilizotekwa zikisukumwa pwani. Mwishowe manowari nne tu zilizotekwa ndizo zilizofika Gibraltar.

Ukiona dalili zote zinakubali, usilitie lamineshini wala kulibandika kwa selotepu. Lilaze bapa ndani ya bahasha isiyo na asidi, mbali na jua, utafute mtaalamu alione. Likiwa ni chapa ya baadaye, litundike sebuleni bila wasiwasi. Barua zinasomeka vilevile.